Sura ya 5: Kelele Zilizogeuka Sikukuu

Sheria ya sikukuu ya Trinidad na Tobago inataja siku 14 za mapumziko kwa mwaka, na siku mbili ambazo nchi hiyo husimama kabisa hazimo. Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu, shule hufungwa, benki hufungwa, na maduka mengi ya Port of Spain yaliyo kwenye njia ya maandamano huzibwa kwa mbao. Saa kumi alfajiri ya Jumatatu mitaa inakuwa imejaa watu waliojipaka matope, rangi na mafuta toka utosini hadi nyayoni, wakifuata muziki. Hiyo ndiyo Kanivali. Kisheria ni siku za kazi kama nyingine, na mwajiri anaweza kumwita mfanyakazi wake ofisini. Wachache hujaribu.

Basi sikukuu kubwa kuliko zote haina muhuri wa serikali. Kwa upande mwingine, wako waumini ambao kusali kwao kulikuwa kosa la jinai kwa zaidi ya miaka 33, na leo wana siku yao kamili, ambayo Mhindu, Mwislamu na Mkatoliki wote hupumzika kwa ajili yao. Anayetaka kuijua nchi hii na aisome kalenda yake kwa jicho hilo: nani ameandikwa, nani hajaandikwa, na nani alisogezwa ili mwingine apate nafasi. Ataona kwamba sikukuu kadhaa ambazo Watrinidad wamejipatia wenyewe, mbali na zile walizoachiwa na wakoloni, zinawaenzi watu ambao serikali iliwahi kuwazuia wasisikike. Ngoma ilipigwa marufuku, mienge ikazimwa, kengele ya ibada nayo ikafuata. Kwa watawala, yote hayo yalikuwa kelele.

Waliofika kwa meli

Trinidad na Tobago ni visiwa viwili vilivyo kusini kabisa mwa safu ya visiwa vya Karibi. Trinidad, kile kikubwa, kiko kilomita 11 tu kutoka Venezuela. Eneo la nchi nzima ni kilomita za mraba 5,100 na ushei. Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja zingeingia humo mara mbili. Lakini ndani ya eneo hilo dogo dunia nzima ilishushwa bandarini, kundi baada ya kundi, na kila kundi lilishuka na Mungu wake na tarehe zake.

Columbus alifika Trinidad tarehe 31 Julai 1498, na Hispania ikakimiliki kisiwa kwa karibu miaka 300 bila kukijali sana. Mwaka 1783, ilipoona koloni lake halina watu wa kutosha, ilitoa amri ya kuwakaribisha walowezi Wakatoliki kwa kuwapa ardhi. Waliokuja wengi walikuwa Wafaransa wa visiwa vya jirani, na watumwa wao. Miaka 14 baadaye Waingereza wakakiteka kisiwa. Hapo ukapatikana mchanganyiko wa ajabu: bendera ya Kiingereza, sheria za Kihispania, na mitaani watu wakizungumza Krioli ya Kifaransa. Ndiyo sababu nchi iliyotawaliwa na Waingereza Waprotestanti hadi 1962 bado ina mapumziko ya kitaifa siku ya Corpus Christi, sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo.

Utumwa ulipokoma, wenye mashamba ya miwa waligeukia India. Tarehe 30 Mei 1845 meli ya Fatel Razack ilitia nanga Port of Spain ikiwa na watu zaidi ya 200 kutoka Calcutta, baada ya miezi mitatu na nusu baharini. Hadi mfumo huo uliposimamishwa mwaka 1917, Wahindi zaidi ya 140,000 walikuwa wameletwa Trinidad kwa mkataba wa kazi wa miaka mitano. Msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu mpango huo: ni ule ule ambao kati ya 1896 na 1901 uliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kuja kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Na mkulima yeyote wa Tanga aliyewahi kusikia habari za manamba wa mashamba ya mkonge hahitaji kuelezwa maisha ya kambini yalikuwaje.

Sensa ya 2011 ilionyesha matokeo ya safari hizo. Wenye asili ya India walikuwa asilimia 35.4, wenye asili ya Afrika asilimia 34.2, na karibu robo ya watu walikuwa machotara. Kwa dini, Wakatoliki walikuwa asilimia 21.6, Wahindu 18.2, Wapentekoste na makanisa ya kiinjili 12, Waislamu 5. Hakuna dini wala kabila lenye wingi wa kuwaamulia wengine. Katika nchi ya namna hiyo, kuamua siku gani watu wapumzike ni kuamua nani ni mwenye nyumba.

Mwaka wa 1884

Mabwana wa Kifaransa walikuwa na kawaida ya kufanya karamu na kuvaa vinyago kabla ya Kwaresima. Watumwa walitazama kwa mbali. Walipopata uhuru wao waliichukua sherehe, wakaijaza mambo yao: maandamano ya usiku yenye mienge, ngoma, nyimbo za kukejeli wakubwa, na mapigano ya fimbo. Sherehe hiyo iliitwa Canboulay, na ilikumbusha moto wa mashamba ya miwa, ambao watumwa waliamshwa usiku kwenda kuuzima.

Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Arthur Baker, aliamua kuizima Canboulay ya Port of Spain. Wapiganaji wa fimbo walimngoja, na usiku huo polisi walipata kipigo walichokikumbuka muda mrefu. Serikali haikusahau. Mwaka 1884 ikapitisha sheria ya kulinda amani iliyodhibiti mienge, makundi ya wenye fimbo na upigaji wa ngoma. Canboulay ikafa. Siku hizi huigizwa upya mjini Port of Spain alfajiri ya Ijumaa ya wiki ya Kanivali, na watu huamka usiku wa manane kwenda kutazama.

Mwaka huohuo wa 1884 serikali iligeukia kelele za upande wa pili. Vibarua wa Kihindi walikuwa na maadhimisho yao ya Muharram, ambayo Trinidad huitwa Hosay, kwa jina la Imam Hussein, mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala. Walitengeneza makaburi ya mfano kwa mianzi na karatasi za rangi, wakayapitisha barabarani kwa ngoma, kisha wakayatosa baharini. Waliokuwamo hawakuwa Mashia peke yao. Wahindu walikuwa wengi, na Waafrika nao walibeba na kupiga ngoma. Kwa mwenye shamba, kuwaona vibarua wa mashamba mbalimbali wakikusanyika kwa maelfu, Mwafrika na Mhindi katika msafara mmoja, lilikuwa jambo la kutia hofu.

Amri ikatoka kwamba misafara isiingie mijini. Vibarua waliandika barua ya kuomba ruhusa, na aliyeongoza ombi hilo, Sookhoo, alikuwa Mhindu. Walikataliwa. Tarehe 30 Oktoba 1884 wakaja San Fernando kama walivyozoea, na askari wakawafyatulia risasi. Zaidi ya watu kumi waliuawa, na zaidi ya 100 walijeruhiwa.

Hosay ingalipo. Huadhimishwa St James, mtaa wa Port of Spain, na Cedros, ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa. Familia zenye dhamana ya kujenga yale makaburi hufanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa, wakijizuia nyama na pombe. Usiku wa kilele hutolewa sanamu mbili kubwa za mwezi, moja ya kijani kwa ajili ya Hassan, nduguye Hussein, aliyepewa sumu, nyingine nyekundu kwa ajili ya Hussein ambaye damu yake ilimwagwa. Kila sanamu hubebwa begani na mtu mmoja, naye hucheza nayo. Watazamaji wengi huja kama wanaokwenda kwenye burudani, chupa mkononi, na kila mwaka wenye ibada hulalamika kwamba msiba wao unageuzwa Kanivali ya pili. Lakini Hosay haimo kati ya zile siku 14. Anayetaka kuiona mchana wa siku ya kazi aombe ruhusa kwa bosi wake.

Ngoma za ngozi zilipobanwa, vijana wa Kiafrika wa mitaa ya maskini walikata mianzi ya urefu tofauti wakawa wanaigongesha chini. Katika miaka ya 1930 wakaanza kugonga makopo ya biskuti na ya rangi, kisha mapipa ya mafuta, ambayo kisiwa chenye visima vya petroli kilikuwa nayo tele. Wakagundua kwamba pipa likikatwa na kufinyangwa kwa nyundo hutoa noti kamili za muziki. Wapigaji wake waliitwa wahuni, na polisi waliwafukuza. Mwaka 1951 kundi lao teule, TASPO, lilipelekwa London kuiwakilisha nchi. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitangaza 11 Agosti kuwa Siku ya Kimataifa ya ala hiyo, na mwaka uliofuata bunge la Trinidad na Tobago likaifanya kuwa ala ya taifa.

Kengele na kitambaa cheupe

Mwaka 1951 una kumbukumbu nyingine pia. Tarehe 30 Machi mwaka huo ilifutwa sheria iliyokuwa imeharamisha dini ya raia wa nchi.

Wabaptisti wa Kiroho ni Wakristo wenye ibada iliyochanganya Biblia na desturi za Afrika Magharibi. Wanafunga vitambaa vichwani, wanapiga kengele, wanaimba hadi Roho anaposhuka. Muumini anayetafuta daraja la juu hufungwa macho na kulazwa peke yake chumbani kwa siku kadhaa akifunga na kuomba. Anapotoka husimulia alikopelekwa na Roho. Wengine husema walifika Afrika, wengine India, wengine China. Hata safari zao za kiroho zinafuata ramani ya kisiwa chao.

Waliowadharau waliwaita Wapiga Kelele, na sheria ikalichukua jina hilo. Ilipitishwa tarehe 28 Novemba 1917, wakati wa Gavana John Chancellor. Muswada ulipoelezwa barazani zilitajwa dalili za kuwatambua wahalifu hao: kichwa kilichofungwa kitambaa cheupe, mshumaa unaowaka mkononi, maua, kengele inayopigwa mara kwa mara, alama za chaki sakafuni, mwili kutetemeka kwa nguvu, kupaza sauti. Polisi waliingia nyumba za ibada, wakawapeleka watu mahakamani. Waumini walikimbilia porini kusali, wakiweka walinzi. Mwandishi Earl Lovelace alikijengea riwaya kipindi hicho, *The Wine of Astonishment*, iliyotoka 1982.

Aliyeongoza mapambano ya kuifuta alikuwa mhubiri Elton George Griffith. Aliwaunganisha viongozi wa makanisa madogo madogo yaliyotawanyika, akapeleka ombi kwenye baraza la kutunga sheria, na akaendelea kulisukuma kwa miaka hadi 1951. Miaka 45 ilipita tena kabla ya siku hiyo kuwa sikukuu. Tangu 1996, kila 30 Machi ni Siku ya Ukombozi wa Wabaptisti wa Kiroho. Wanaume kwa wanawake hujitokeza hadharani na vitambaa vichwani, wakigonga kengele mbele ya mawaziri wa serikali, polisi wakiyaongoza magari ili msafara upite.

Katika sensa ya 2011 Wabaptisti hao walikuwa asilimia 5.7 ya watu wote, sawasawa na Waanglikana waliokuwa na serikali upande wao.

Nani asogee?

Kalenda ni mkeka: akikaribishwa mwingine, waliokaa hawana budi kusogea. Nchi haiwezi kuongeza siku za mapumziko kila mwaka, kwa hiyo sikukuu mpya kadhaa za Trinidad zilikuwa na aliyeondoshwa ili zipate nafasi.

Wa kwanza kuinuliwa alikuwa Columbus. Kwa miaka mingi mwanzoni mwa Agosti nchi ilipumzika kukumbuka eti kugunduliwa kwake. Mwaka 1985 siku hiyo ilifutwa, na mahali pake ikawekwa 1 Agosti, Siku ya Ukombozi wa watumwa. Watrinidad husema kwa fahari kwamba nchi yao ndiyo nchi huru ya kwanza duniani kuifanya siku ya kukoma kwa utumwa kuwa sikukuu ya kitaifa.

Tarehe hiyo ina kisa chake. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Wenye watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa hawakupata kitu, na waliambiwa waendelee kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka sita zaidi, ati wakijifunza kuwa huru. Port of Spain kundi la watu, wengi wao wazee, wanawake na watoto, lilikwenda mbele ya Ikulu ya gavana na kupiga kelele kwamba miaka sita hawaitaki. Walitiwa viboko na kufungwa, lakini mpango ule haukumaliza muda wake. Ulivunjwa tarehe 1 Agosti 1838. Leo maandamano ya Siku ya Ukombozi hupita katikati ya mji watu wakiwa wamevaa vitenge na kanzu za Kiafrika, yakaishia kwenye viwanja vya Queen's Park Savannah.

Aliyefuata kusogezwa ni Jumatatu ya Pentekoste. Mwaka 1995, ilipotimia miaka 150 tangu Fatel Razack itie nanga, mapumziko hayo ya Kikristo yalipisha 30 Mei, iliyoitwa Siku ya Kufika. Ilikuwa siku ya kufika kwa nani? Serikali ya wakati huo haikutaja. Novemba mwaka huo Basdeo Panday akawa Waziri Mkuu wa kwanza mwenye asili ya India, na kuanzia 1996 siku hiyo ikaitwa bila kificho Siku ya Kufika kwa Wahindi. Panday huyohuyo ndiye aliyewapa Wabaptisti wa Kiroho siku yao mwaka uleule. Wahindu walikuwa nguzo ya chama chake. Wabaptisti, ambao wengi ni weusi, walikuwa na historia ndefu ya kungoja. Unaweza kuiita haki, unaweza kuiita hesabu ya kura. Yote mawili yanaingia katika tarehe moja bila kugombana.

Siku ya Wabaptisti nayo ilidai nafasi. Iliyosogea ni Siku ya Jamhuri, 24 Septemba, inayokumbuka bunge la kwanza la jamhuri mwaka 1976. Iliondolewa kwenye orodha mwishoni mwa miaka ya 1990, ikarudishwa 2002 baada ya serikali kubadilika. Yaani taifa liliwahi kuahirisha kusherehekea jamhuri yake ili waumini waliowahi kunyimwa kengele wapate siku.

Yupo pia mzee wa Fyzabad ambaye hakusubiri serikali imfikirie. Tubal Uriah Butler, mzaliwa wa Grenada, alikuwa mfanyakazi wa visima vya mafuta na mhubiri. Tarehe 19 Juni 1937 polisi walijaribu kumkamata akiwa jukwaani Fyzabad, na umati ukamkinga. Koplo Charlie King, aliyewafuata watu, alichomwa moto akafa. Mgomo ukaenea kisiwa kizima, na vyama vya wafanyakazi vikazaliwa. Tangu 1973 tarehe 19 Juni ni Siku ya Wafanyakazi. Trinidad haiadhimishi Mei Mosi. Wanachama wa vyama huandamana hadi njia panda ya Fyzabad, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la yule polisi.

Vijitaa na tambi

Diwali na Idi el Fitr zimekuwa sikukuu za kitaifa tangu 1966, miaka minne baada ya uhuru. Waziri Mkuu wa kwanza, Eric Williams, alishikilia kwamba raia wa nchi mpya ana mama mmoja tu, Trinidad na Tobago, wala si India, Afrika au Uingereza. Lakini aliona pia kwamba mtoto ambaye sikukuu yake haitambuliwi hawezi kujiona ni wa nyumba hiyo.

Diwali huangukia usiku usio na mwezi, Oktoba au Novemba. Katika kijiji cha Felicity, karibu na Chaguanas, wanaume hupasua mianzi na kuikunja iwe matao, maua na nyota. Wafinyanzi wa eneo hilo huwa wameshatengeneza vijitaa vya udongo kwa maelfu. Jioni hutiwa mafuta ya nazi na utambi wa pamba, vikapangwa juu ya mianzi na kuwashwa mtaa kwa mtaa. Watu wa dini zote huja na watoto wao, wakitembea polepole, na wenyeji huwapa vifurushi vya vitamu bila kuuliza majina. Felicity ni kijiji hichohicho ambacho mshairi Derek Walcott, alipopokea Nobeli mwaka 1992, alianza nacho hotuba yake, akieleza igizo la Ramayana lililochezwa uwanjani na watoto wa kijiji. Chaguanas kuna pia Divali Nagar, maonyesho yanayofanyika kila mwaka tangu 1986 katika siku zinazotangulia Diwali.

Idi el Fitr ina historia yenye pande mbili. Waislamu wengi wa sasa ni wajukuu wa vibarua wa Kihindi, lakini Waislamu wa mwanzo walikuwa Waafrika. Katika miaka ya 1830, Port of Spain ilikuwa na jumuiya ya Wamandinka wakiongozwa na Jonas Mohammed Bath. Walichangishana fedha za kuwakomboa wenzao utumwani, na wakaiandikia serikali ya Uingereza wakiomba kurudishwa kwao Afrika. Hawakurudishwa. Kwenye meza ya Idi ya leo mtu wa Lamu au Unguja hatajiona mgeni: kuna biriani, na kuna tambi zilizopikwa kwa maziwa, sukari, zabibu kavu na lozi. Tambi hizo, ambazo Trinidad huziita *sawine*, hupelekwa kwa jirani Mkristo na Mhindu. Idi ya kuchinja haimo katika orodha. Wala Phagwa haimo, sherehe ya Wahindu ya kurushiana maji ya rangi mwezi Machi, ambayo hujaza viwanja kila mwaka.

Sanamu moja, dua mbili

Usidhani mipaka ya dini inalingana na mistari ya kalenda. Siparia, mji wa kusini, kanisa Katoliki lina sanamu ya Bikira Maria mwenye uso mweusi, anayeitwa kwa Kihispania La Divina Pastora, Mchungaji wa Kimungu. Wakatoliki humfanyia sherehe wiki chache baada ya Pasaka. Lakini Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu kanisa hufurika Wahindu. Kwao huyo ni Siparia Mai, mama, na wengi humwona kuwa ni Kali au Durga katika sura nyingine. Humletea maua, mchele, mafuta na fedha, na wenye watoto wachanga huwanyolesha nywele za kwanza hapo. Mapadri wa zamani walijaribu kuwazuia. Waliomfuata mama yao hawakuzuilika, na utaratibu ukapatikana wa kuachiana nafasi.

Desturi nyingine hazina padri wala pandita. Siku ya Corpus Christi, inayoangukia mwanzo wa masika yao, watu hushika jembe wakiamini mbegu inayopandwa siku hiyo lazima iote, na hata asiye Mkatoliki hupanda. Ijumaa Kuu watoto hutengeneza sanamu ya Yuda kwa nguo kuukuu na kuitandika fimbo. Siku hizi sanamu hiyo mara nyingi hupewa sura ya mwanasiasa. Jumanne ya Pasaka, ambayo si sikukuu ya kitaifa, kijiji cha Buccoo kisiwani Tobago hushindanisha mbuzi mbio, wakiambatana na wakimbiaji wao waliovaa rangi za timu. Mashindano hayo yalianza 1925. Kaa nao hushindanishwa, kwa kasi inayowafaa.

Krismasi nayo ina vionjo vya pwani ya jirani. Vikundi vya waimbaji huenda nyumba kwa nyumba na magitaa na kayamba, wakiimba kwa Kihispania nyimbo za kuzaliwa kwa Yesu zenye asili ya Venezuela, ingawa wengi wa wanaoziimba hawazungumzi lugha hiyo. Nyumbani hunywewa sharubati nyekundu ya rosela, huliwa nyama ya nguruwe kwa wanaoila na keki nyeusi yenye matunda yaliyolowekwa katika ramu. Na mapazia lazima yawe mapya. Mhindu na Mwislamu nao hutundika mapazia mapya.

Waliotangulia

Wote niliowataja mpaka hapa walifika kwa meli. Waliokuwapo kabla ya meli zote ndio waliopata kidogo kuliko wote.

Majina ya Arima, Chaguanas, Tunapuna na Mayaro ni ya watu wa asili wa Trinidad, ambao Columbus aliwakuta. Mwaka 1699 waliokuwa wamewekwa chini ya misheni ya Arena waliasi, wakawaua mapadri na gavana wa Kihispania. Kisasi kilikuwa kikali. Maradhi na kazi za shokoa zikamaliza sehemu kubwa ya waliobaki. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 1,400 hivi waliojitaja kuwa wa asili, sehemu moja ya elfu ya taifa. Jumuiya yao iko Arima, ambako kila Agosti huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Rosa wa Lima. Serikali iliitambua rasmi mwaka 1990. Ilipoomba siku ya kitaifa, ilipewa: Ijumaa, 13 Oktoba 2017. Shule zilifungwa, ofisi zilifungwa, nchi nzima ikapumzika kwa heshima ya watu wake wa kwanza, mara moja tu. Amri ilihusu mwaka huo peke yake.

Ukilinganisha hatima yao na ya wengine, kanuni inaonekana. Waliopata siku ya kudumu ni wale ambao kelele zao zilisumbua serikali, na waliokuwa bado wengi vya kutosha wakati kura zilipoanza kuhesabiwa. Wapiga ngoma wa Canboulay waliiteka Kanivali, hawakuhitaji kuandikwa. Wabaptisti walingoja, lakini walikuwapo kwenye vituo vya kura wa kuhesabiwa. Watu wa asili walipiga kelele zao mwaka 1699, mbele ya dola ambayo haikuwa na sanduku la kura, na lilipokuja sanduku walikuwa wameshabaki wachache.

Kuwapa siku ya kila mwaka hakuhitaji fedha nyingi wala ujuzi. Kunahitaji mtu wa kwenda kwa Wakatoliki kuwaambia waache Corpus Christi, au kwa wafanyakazi wa mafuta kuwaambia waache 19 Juni, au kwa wajukuu wa Fatel Razack. Kila moja ya siku zile 14 ina wenyewe, na wengi wao wanakumbuka waliipataje.